Mvumo Kifuani mwa Zipora

Masalu alikuwa fundi wa matimba pale Nyarugusu, na kwa miaka minane hakuna duara, yaani shimo la dhahabu, alilolifunga yeye likaporomoka. Matimba ni yale magogo yanayopangwa ndani ya shimo la dhahabu ili kuta zisimwangukie mchimbaji, na kazi hiyo haimtaki mtu wa papara. Masalu hakuwa na papara. Alisema machache, alipima mara mbili na kukata mara moja. Wenye maduara walimgombea, na wachimbaji waliuliza kwanza kama kazi ni ya mkono wake ndipo wakakubali kuteremka. Kwa sababu hiyo, waliosikia baadaye kwamba alimficha mkewe jambo zito kwa siku kumi na nane hawakuamini. Walikuwa wamezoea kudhani kwamba ukimya wake ni utulivu.

Jambo lenyewe lilianza mwishoni mwa Aprili. Mkewe, Violeth, alikuwa amekwenda Kishapu kumuuguza mama yake aliyevunjika nyonga. Alimwacha binti yao Zipora, mtoto wa miaka saba aliyekuwa darasa la kwanza, chini ya uangalizi wa baba yake, maana shule zilikuwa bado hazijafungwa. Siku ya tatu mtoto akaamka na homa. Masalu alimpakia kwenye bodaboda, akamweka katikati yake na dereva, wakaenda zahanati.

Tabibu wa zahanati ile aliitwa Salmini, mzaliwa wa Pangani, mtu mpole aliyekuwa bado anaona Kisukuma kigumu baada ya miaka minne. Alimpima Zipora damu, akakuta malaria. Kabla ya kuandika dawa akamwekea kipimo cha kusikilizia kifuani, kama alivyowafanyia watoto wote. Kwa wengine huwa ni suala la kuvuta pumzi mara mbili. Kwa Zipora alikawia. Alisikiliza kushoto, akasikiliza kulia, akarudi kushoto. Akamwomba mama mmoja aliyekuwa akiongea kwenye simu mlangoni asogee mbali kidogo. Akasikiliza tena.

Kisha akaanza maswali. Je, mtoto huchoka haraka kuliko wenzake? Hapana, alijibu Masalu, mwenyewe huruka kamba mpaka anaitwa ndani kwa nguvu. Je, alipokuwa ananyonya alitoka jasho, akaliachia ziwa kabla ya kushiba? Hapana. Je, midomo yake imewahi kugeuka rangi ya bluu, labda anapolia?

Hapo Masalu aliitazama midomo ya mtoto kabla ya kujibu kwamba hapana, Zipora hajawahi.

"Baba Zipora," Salmini alisema, "malaria tutaitibu leo, hiyo isikutie shaka. Lakini kuna sauti kwenye moyo wa mtoto ambayo sipendi kuiacha hivi hivi. Tunaiita mvumo. Inaweza ikawa kitu, inaweza isiwe kitu. Masikio yangu mimi yanaishia hapo."

Akaeleza kwamba mwishoni mwa Mei madaktari bingwa wa moyo watapiga kambi Shinyanga kwa wiki moja, na kwamba watakuja na mashine inayouonyesha moyo ukiwa unafanya kazi. Akaandika barua ya rufaa, akaitia kwenye bahasha. Masalu aliuliza swali moja tu, nalo ni kama mtoto anaweza kufa kabla ya tarehe hiyo. Salmini alijibu kwamba haoni dalili ya jambo hilo, ila hawezi kumwapia.

Masalu alimshukuru, akachukua dawa, akampeleka mtoto nyumbani.

Yapo mambo ambayo Salmini hakuyajua, kwa sababu hakuuliza na Masalu hakusema. Kabla ya Zipora, Masalu na Violeth walikuwa na mtoto wa kiume, Enock. Wakati ule walikuwa wakiishi Rwamgasa, ndani ya chumba kimoja cha tope kilichopakana na mwalo, yaani pale mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu. Enock aliishi miezi minne. Aliponyonya alilowa jasho kama mtu anayelima, akaliachia ziwa akiwa na njaa. Alipolia, midomo yake iligeuka rangi ya zambarau iliyoiva. Kisha asubuhi moja hakuamka. Hakuna aliyewahi kumsikiliza kifua. Majirani walisema ni degedege. Wengine wakasema ni jicho la mtu. Mama yake Masalu alishikilia kwamba mizimu ya ukoo haikupendezwa na jina.

Violeth hakusema chochote, lakini alikuwa na hoja yake mwenyewe. Alifanya kazi kwenye ule mwalo mpaka ujauzito ulipofika mwezi wa nane, mikono yake ikichanganya zebaki na mchanga bila glavu, kama walivyofanya wanawake wote pale. Mwaka mmoja baada ya msiba ilikuja semina ya afya, na nesi akawaambia akina mama kwamba zebaki humdhuru mtoto aliye tumboni. Violeth aliinuka kabla semina haijaisha. Siku hiyohiyo aliuacha mwalo, na hakukanyaga tena. Wakahamia Nyarugusu, akaanza kupika na kuuza chakula, na Zipora alipozaliwa mama yake alikuwa hajagusa zebaki kwa karibu miaka miwili. Majirani wapya walimwita Mama Zipora. Mama mkwe wake pekee ndiye aliyeendelea kumwita Mama Enock, na kila alipomwita hivyo Violeth aliitika bila kuinua macho.

Kwa hiyo Salmini alipouliza habari za jasho na midomo ya bluu, ilikuwa kana kwamba anaeleza habari za mtoto mwingine. Masalu alimwona Enock waziwazi, amelala kwenye khanga yenye maua ya njano. Majibu aliyotoa yalikuwa ya kweli, kwani aliulizwa habari za Zipora. Lakini alitoka pale akiwa na hakika moja: Violeth akisikia neno moyo, atarudi kwenye mwalo ule wa Rwamgasa na hatatoka tena.

Jioni mkewe alipopiga simu kutoka Kishapu, Masalu alimwambia kwamba mtoto alikuwa na malaria na amepata dawa. Haukuwa uongo. Akajiambia kwamba mtu anayemuuguza mama mwenye nyonga iliyovunjika haongezewi jambo kwenye simu. Bahasha ya Salmini aliiweka ndani ya begi lake la kazi la akiba, lililokaa nyumbani, chini ya misumari na utepe wa kupimia.

Zipora alipona malaria ndani ya siku nne, akataka kwenda kucheza. Baba yake akamkatalia. Alimkataza kuruka kamba, kukimbia na kubeba ndoo hata ile ya lita tano. Alikwenda shuleni kumwona mwalimu wa darasa, Mwalimu Salome, akamwambia kwamba mtoto ana tatizo la kifua na asishiriki michezo. Mwalimu alitaka kujua ni kifua cha namna gani. Masalu akasema ni cha kawaida tu. Mchana wakati wenzake wakikimbizana, Zipora aliketi kwenye ngazi za darasa akiwatazama, na kwa kuwa hakuambiwa sababu, alijitungia yake: alidhani ameadhibiwa kwa kosa alilolisahau.

Mara kadhaa, mtoto alipolala mchana, Masalu aliinama akaweka sikio kifuani pake. Alisikia moyo ukidunda. Hakusikia kitu kingine chochote, na jambo hilo halikumpa nafuu. Kazini aliendelea kama kawaida, ila wenzake waliona kwamba sasa anapima mara tatu.

Violeth alirudi wiki mbili baada ya siku ile ya zahanati. Alimkuta binti yake ameketi juu ya kigoda, mikono mapajani, kama ajuza anayeota jua. Aliuliza mtoto ana nini. Masalu alisema malaria imemchosha. Violeth alimtazama mumewe, akamtazama mtoto, akaenda kuwasha moto. Kwa siku kadhaa hakuuliza tena, lakini alikuwa akiangalia.

Siku ya nne alikutana na Mwalimu Salome sokoni kwenye nyanya. Mwalimu alimpa pole ya kifua cha Zipora, akamwambia asijali, wanamkalisha chini kama baba yake alivyoagiza. Violeth alishukuru. Alinunua nyanya zake, akaenda nazo nyumbani, akaziosha, akazipanga kwenye ungo. Kisha akamwita mtoto, akamuuliza kilichotokea siku alipopelekwa zahanati.

"Daktari alinisikiliza hapa muda mrefu," Zipora alisema akigusa kifua. "Akamwambia baba moyo wangu unavuma. Mama, nilifanya nini?"

Violeth alimjibu kwamba hakufanya kitu. Akafunga khanga, akaenda zahanati kwa miguu. Salmini alimpokea kwa shikamoo, ingawa walikuwa karibu rika moja, kwa kuwa alikuwa na adabu za kwao. Alidhani amekuja kuulizia tarehe ya kambi. Alipotambua kwamba mama hajui lolote aliona haya, akaanza upya kutoka mwanzo, akamweleza yote, hata maswali aliyouliza. Violeth alimwomba arudie yale maswali. Aliposikia lile la midomo, aliitikia kwa kichwa mara moja.

Masalu alirudi alasiri, mwili mzima una vumbi jeupe la mwamba. Alimkuta mkewe ameketi mlangoni, begi la kazi la akiba liko miguuni pake na bahasha iko mkononi. Zipora alikuwa ametumwa kwa jirani.

"Siku kumi na nane," Violeth alisema.

Masalu alivua kofia, akabaki amesimama. Alisema alitaka kwanza mama mkwe apate nafuu. Kisha alitaka Violeth apumzike na safari. Kisha siku zilikuwa zimeshapita nyingi, na kila siku iliyoongezeka ilifanya neno liwe zito zaidi.

"Uliogopa nitajilaumu," alisema Violeth.

Masalu aliikung'uta kofia vumbi.

"Najilaumu mwaka wa tisa huu, Masalu, huku mimi na wewe tuko chumba kimoja. Hilo huwezi kunikinga nalo. Ulichoninyima ni kumwangalia mwanangu nikijua. Kwa Enock sikujua nilichokuwa nakitazama. Kwa huyu nilikuwa na haki ya kujua."

Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa jina hilo kutamkwa ndani ya nyumba ile na mmoja wao. Masalu aliketi chini, pale kwenye vumbi, mgongo ukiwa kwenye ukuta. Alisema kwamba Salmini alipouliza yale maswali, yeye alimwona Enock, na ndipo ulimi ukafa. Violeth hakumbembeleza. Alisema tu kwamba kesho Zipora aambiwe ukweli, kwa sababu mtoto anadhani amekosa, na kwamba Shinyanga watakwenda wote watatu. Kwa siku mbili zilizofuata hawakuzungumza zaidi ya yale yaliyomhusu mtoto. Siku ya tatu Violeth alimuuliza kama atakula ugali au wali, na Masalu akajua kwamba hajasamehewa lakini anapikiwa.

Waliondoka Nyarugusu siku moja kabla ya kambi kuanza, wakabadilisha basi Kahama, wakafika Shinyanga mjini jua likiwa linateremka. Walipokelewa mtaa wa Ngokolo na Bi Mwaisha, mjane aliyewahi kuuza vitenge Nyarugusu na kula kwa Violeth kila mchana kwa miaka mitatu. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, asiyependa mgeni akae kimya. Aliwapa chumba cha mwanawe aliyeko Dodoma, akampikia Zipora tambi za sukari, akasikiliza habari yote bila kukatiza. Mwisho akasema kwamba moyo wa mtoto uko mikononi mwa Mungu, lakini foleni ni ya wanaowahi, kwa hiyo atawaamsha akishasali alfajiri.

Aliwaamsha kweli, na hata hivyo walikuta watu wengi wametangulia hospitalini. Walikuwepo wafugaji kutoka Meatu waliofika jana yake, wanawake wenye watoto migongoni, na wazee wenye miguu iliyovimba. Karibu nao aliketi baba mmoja na binti yake wa miaka kama kumi na minne. Binti yule alikwenda chooni na kurudi, na kila baada ya hatua chache alichuchumaa, akahema, ndipo akainuka. Kucha zake zilikuwa nyeusi. Masalu alimtazama Zipora, aliyekuwa akihesabu vigae vya sakafu kwa sauti, akahisi moyoni mwake nafuu ambayo hakuipenda. Aligeuza uso. Baadaye alikwenda kununua maji, akaleta chupa nne badala ya tatu, akampa yule baba mojawapo. Walisalimiana kwa Kisukuma, wakaulizana wanakotoka. Kuhusu watoto hawakuulizana.

Waliitwa saa nane mchana. Chumba kilikuwa na mapazia mazito, na daktari alikuwa mwanamke mwembamba mwenye hijabu ya kijivu, aliyejitambulisha kwa jina la Yasmini. Alimsikiliza Zipora kwanza kwa masikio. Kisha akampaka kifuani dawa ya maji mazito iliyokuwa ya baridi, mtoto akashtuka, akacheka. Kwenye kioo pakatokea kitu cheusi na cheupe kinachofunguka na kufumba.

"Ni nini hicho?" Zipora aliuliza.

"Ni moyo wako."

Zipora aliutazama kwa makini, akasema unafanana na mdomo wa perege.

Daktari alikubali kwamba unafanana. Akabonyeza kitu kwenye mashine, na chumba kikajaa sauti. Ilikuwa inakwaruza, fsshh, fsshh, fsshh, kama mtu anayefagia uwanja kwa haraka. Masalu, ambaye alikuwa ameutafuta mvumo ule kwa sikio lake siku zote zile bila kuupata, alisimama akishikilia ukingo wa kitanda. Violeth hakusimama wala kuegemea. Alimtazama daktari usoni, maana aliamini kwamba uso utasema kabla ya mdomo.

Uso wa daktari haukusema kitu. Alipima, akaandika, akapima tena. Alipomaliza alimfuta mtoto, akamwambia avae, akawageukia wazazi.

Alisema kwamba kuna tundu. Liko kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo, Zipora alizaliwa nalo, na ni dogo kama punje ya mtama. Damu kidogo hupenya pale kila moyo unapodunda, na kupenya huko ndiko kunakovuma. Alisema tundu dogo ndilo lenye kelele kuliko kubwa, sawasawa na upepo unaopiga mluzi kwenye ufa wa mlango ilhali mlango ulio wazi haupigi. Moyo haujapanuka, mapafu hayana shida. Hahitaji upasuaji. Matundu ya namna hii mengine huziba yenyewe, mengine hubaki na mtu akazeeka nayo. Arudi kupimwa baada ya mwaka.

"Na kucheza?" Masalu aliuliza.

"Acheze."

"Kukimbia?"

"Akimbie, aruke, abebe maji. Kama kuna mtu aliyemkataza, amfungulie. Kitu kimoja nasisitiza, meno. Apige mswaki asubuhi na jioni, na jino likioza litibiwe mapema, kwa sababu vijidudu vya kinywani hupita kwenye damu na vinaweza kukimbilia kwenye lile tundu."

Zipora alifumba mdomo wake mara moja.

Violeth alikuwa na swali lake tayari, na inaelekea alikuwa nalo kwa miaka tisa. Aliuliza kama zebaki inaweza kumtoboa mtoto moyo tumboni. Alilisema bila kutetereka, kama mtu anayeuliza bei. Daktari Yasmini alimuuliza alifanya kazi hiyo lini, Violeth akaeleza. Daktari akasema kwamba zebaki ni sumu na amefanya vizuri kuiacha. Lakini akasema pia kwamba watoto wenye matundu kama haya huzaliwa na akina mama wa mjini na shamba, wakulima na makarani, ambao zebaki hawajapata kuiona. Kwa Zipora hana sababu ya kuitaja. Zaidi ya hapo hatasema, kwa kuwa hakuna anayejua.

Ilionekana kama mazungumzo yamekwisha. Violeth alikwishamshika mtoto mkono. Ndipo Masalu, ambaye kwa kawaida mtu hungoja siku nzima apate neno kwake, akaanza kuzungumza. Alisema kulikuwa na mwingine kabla ya huyu. Alieleza jasho, ziwa lililoachwa, midomo na ile asubuhi. Alieleza kwa mpangilio, bila kuruka kitu, namna ambavyo humweleza mwenye duara ukuta upi una ufa na umeanzia wapi. Daktari aliweka kalamu chini, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa unavyosimulia, huenda ulikuwa ni moyo," alisema. "Lakini sikumsikiliza, na siwezi kumpima mtoto kwa maneno. Msiniombe niwape jibu ambalo sina. Aliitwa nani?"

"Enock," alisema Violeth.

Daktari alichukua tena kalamu, akaandika kwenye faili la Zipora kwamba alikuwa na kaka aliyefariki akiwa na miezi minne, na dalili alizokuwa nazo, kwa sababu atakayempima mwaka ujao atahitaji kujua. Enock hakuwahi kuwa na cheti cha kuzaliwa wala cha kifo. Violeth alisimama akaangalia jina likiandikwa mpaka herufi ya mwisho.

Nje, Bi Mwaisha alikuwa akiwasubiri kwenye bajaji. Aliposikia kwamba hakuna upasuaji alimshukuru Mungu kwa sauti kubwa, akampa Zipora muwa. Masalu na Violeth waliketi kila mmoja upande wake na mtoto katikati. Mtu angedhani wangelia au kucheka. Hawakufanya lolote kati ya hayo. Walikuwa wamejiandaa kwa habari mbaya kwa siku nyingi, na habari nzuri nayo ilihitaji muda wake wa kupokewa.

Nao muda huo haukuwa mfupi. Waliporudi Nyarugusu, Masalu alikwenda shuleni akamweleza Mwalimu Salome ukweli wote na kumwomba radhi kwa ule wa nusunusu. Mtoto akaruhusiwa kucheza. Lakini jioni Masalu alikuwa akimwita ndani kabla ya wenzake, na Violeth alipokuwa anamwogesha aliangalia kucha zake, kidole baada ya kidole, akidhani mtoto haoni. Zipora aliona kila kitu. Muda si mrefu alijifunza faida zake. Akitumwa maji, aliweka mkono kifuani na kusema moyo wangu. Masalu alikuwa anataka kumpokea ndoo.

"Moyo wako una tundu," Violeth alimwambia siku moja, "mikono haina. Nenda kisimani."

Akaenda. Violeth alibaki uani akihesabu dakika mpaka aliporudi, kisha akaendelea kukatakata vitunguu. Masalu alipomwambia kwamba amekuwa mkali, alijibu kwamba yeye pia anaogopa, ila hofu ni ya wazazi, asitwishwe mtoto. Walibishana juu ya hilo zaidi ya mara moja. Angalau sasa walikuwa wanabishana wakiwa wote wanajua.

Mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, Masalu alikuwa chini ya duara, mita arobaini, akipanga gogo la pembeni, pale sauti iliposhuka kutoka juu. Mshika kamba alikuwa akipaza maneno aliyoletewa na mtu wa pikipiki. Yaliyofika chini yalikuwa matatu tu: mwanao ameanguka shuleni.

Alitoka. Wenzake walisema baadaye kwamba hawajaona mtu akivutwa haraka namna ile na huku naye akipanda kwa miguu. Njia nzima, juu ya pikipiki, hakumuuliza dereva kitu. Alikuwa akilitazama shati la dereva mgongoni, ambalo lilikuwa limechanika begani, na hata leo anaweza kukueleza mchano ule ulivyokaa.

Zipora alikuwa chini ya mpera nyuma ya darasa la tatu, amezungukwa na watoto, anapiga mayowe. Midomo yake ilikuwa na rangi yake. Alikuwa ameupakata mkono wa kushoto, nao ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Alikuwa amepanda mpera kufuata pera la juu kabisa, Mwalimu Salome alieleza, na tawi likakatika.

Masalu alisikia neno mpera, akalirudia. Kisha akajibwaga kwenye majani yaliyolowa mvua mbele ya watoto wote. Zipora aliacha kulia kidogo ili amtazame.

"Baba, na wewe umeanguka?"

Alisema ndiyo.

Simu ya Violeth ilipoita alikuwa akiwagawia wateja chakula. Masalu alimweleza yote kwa mfululizo, bila kusubiri kuulizwa: ameanguka kutoka kwenye mpera, mkono wa kushoto umevunjika chini ya kiwiko, anapumua vizuri, midomo iko sawa, analia kwa nguvu, wanakwenda zahanati sasa hivi. Violeth alisema anakuja. Alipofika, Salmini alikuwa ameshaufunga ule mkono kwa vipande vya ubao ili mtoto apelekwe Geita kupigwa picha ya mfupa. Salmini alimpa mama shikamoo yake, kisha, pengine kwa mazoea, akachukua kipimo cha kusikilizia, akakiweka kifuani pa mtoto. Wazazi wakanyamaza. Hata Zipora alizuia kilio.

"Bado unavuma," Salmini alisema, akakivua kipimo masikioni. "Haya, wahini gari."

Violeth alisema ataenda naye Geita yeye. Masalu aliwasindikiza mpaka barabarani, akamweka mtoto vizuri kwenye kiti cha dirishani, akamwambia mkewe ampigie simu vyovyote itakavyokuwa. Kisha akarudi kwenye duara, kwa sababu alikuwa ameacha gogo halijafungwa, na watu walikuwa wanasubiri kuteremka.